Juu ya ugonjwa wa kifafa

Katekista mmoja wa upande wa Baraka alituuliza: «Padri, katika mafundisho yangu kuna kijana anayeanguka kifafa. Wazazi wa wengine hawataki akae karibu na watoto wao. Nimwondoe ao nimwache?» Tunaona vema kujibu kwa utaratibu, maana swali hili linawahusu wachungaji wote.

Kifafa ni nini? Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unaongoza mwili kwa nguvu ndogo za umeme. Nguvu hizo zikitoka ghafula bila utaratibu, mtu anaanguka, anakakamaa na kutetemeka. Wagiriki wa shule ya Hippocrates, karibu miaka 400 mbele ya Kristo, walikwisha kuandika kwamba ugonjwa huo unatoka katika ubongo. Mwaka 1929 munganga Mjerumani, Hans Berger, alitangaza namna alivyopima kwa mashini umeme wa ubongo wa mtu.

Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, mayai ya tegu wa nguruwe yanayomezwa kwa mikono michafu ao chakula kichafu, na mara nyingine urithi. Mate ya mgonjwa hayaambukizi hata kidogo. Anayekimbia kwa kuogopa povu anamwacha mwenzake aungue motoni ao azame ziwani.

Na pepo je? Tusome Matayo 4,24: Mwinjili anataja mbalimbali wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza. Tusichanganye alichotenga. Tena kanuni 1172 inakataza kumpunga mtu pepo bila ruhusa wazi ya Askofu. Kanisa lenyewe limeendelea katika jambo hili: Sheria ya 1917, kanuni 984, ilimzuia mwenye kifafa kupewa daraja takatifu, ikimtaja pamoja na mwenye wazimu na mwenye pepo, Sheria ya 1983, kanuni 1041, haitaji tena kifafa.

Munganga wa neva ni mtu aliyemaliza masomo ya uganga, kisha akaongeza miaka mingine juu ya ubongo na neva, kama inavyofanyika Kinshasa, katika lopitali ya chuo kikuu inayoitwa CNPP. Kutoka Fizi ni mbali sana. Karibu zaidi kuna SOSAME ya Bukavu, kituo cha Mafrere wa Charité.

Lakini hata munganga mwenye elimu nyingi, mara chache tu anaona kwa macho yake mgonjwa akianguka. Naye mgonjwa hakumbuki kitu. Kwa hiyo anamwuliza yule aliyeona: Ilianza namna gani? Mkono upi ulitangulia kutetemeka? Dakika ngapi? Aliuma ulimi? Mkono wa kuume ukitangulia, munganga anafikiri upande wa kushoto wa ubongo. Basi katekista mwenye daftari na saa anaweza kumsaidia munganga kuliko anavyodhani.

Mgonjwa akianguka, tufanye hivi: tumwondoe karibu na moto ao maji, tuweke nguo chini ya kichwa, tumlaze kwa ubavu. Tusimshike kwa nguvu. Tusitie kijiko wala kidole kinywani. Zikipita dakika 5, ao akianguka tena mbele ya kuamka, apelekwe upesi lopitali.

Dawa zipo. Fenobarbitali inatumika tangu 1912, na bei yake si kubwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba katika wagonjwa 10, 7 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetunzwa vizuri. Lakini dawa inamezwa kila siku, miaka na miaka. Kuiacha ghafula, hata kwa sababu ya kuombewa, ni hatari ya kufa. Sala na dawa havipigani.

Basi, ndugu katekista, usimwondoe kijana. Waeleze wazazi juu ya mate. Mwambie asiende kuoga ziwani peke yake, wala kuvua katika mtumbwi bila mwenzake. Andika ulichoona siku alipoanguka, umpe mama yake karatasi hiyo, na uwasindikize wewe mwenyewe mpaka kwa muuguzi. Ukirudi, umwonyeshe kiti chake kati ya wenzake.