Mahindi yakipanda bei, vitanda vya visiwani hushuka

UKIMTAJIA mkulima wa Mbozi habari ya kwenda kupumzika kisiwani, jibu la kwanza ni kicheko. Mapumziko anayoyajua ni safari ya msibani, harusi ya ndugu au siku mbili za kukaa na mgonjwa Mbeya. Kisiwa ni cha Wazungu na wakubwa wa Dar es Salaam.

Dhana hiyo ina ukweli wake kwa miezi ya Julai, Agosti na Desemba, wakati wageni kutoka Ulaya wanapofurika Unguja na hoteli zikapandisha bei. Lakini kuna kipindi cha mwaka ambapo mambo hugeuka, na kwa bahati nzuri kipindi hicho kinaoana na kalenda ya mkulima wa Mkoa wa Songwe kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kipindi chenyewe ni cha mvua za masika ukanda wa Pwani, kuanzia Machi hadi Mei. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Zanzibar na Mafia. Wageni wa nje hukimbia, baadhi ya hoteli hufunga kabisa na zinazobaki wazi hushusha bei ili angalau zilipe mishahara ya wafanyakazi.

Sasa tazama shamba. Mbozi, Momba na Ileje zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mwanzoni mwa mvua, mbolea ya kukuzia huwekwa Januari, palizi ya mwisho nayo humalizika. Kufikia Aprili mahindi yanakomaa yenyewe. Uvunaji haujaanza, na kahawa nyingi bado ni ya kijani mtini.

Mvua za vuli za Pwani, ambazo nazo hupunguza wageni kwa kiasi fulani, hazimfai mkulima huyu hata kidogo. Novemba ni mwezi wa kupanda, na anayeondoka shambani siku hizo atalipia mwaka mzima.

Jambo la pili ni fedha. Mahindi katika ukanda huu huwa na bei ya chini kabisa wakati wa mavuno, Juni na Julai, kila mtu anapouza kwa pamoja. Kwa kawaida bei hupanda kadiri maghala yanavyopungua, na mara nyingi hufikia kilele kati ya Januari na Machi, wakati wanunuzi wa Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanatafuta nafaka na hawaipati kirahisi. Kwa hiyo gunia lililotunzwa vizuri hupata bei nzuri wiki chache tu kabla kitanda cha kisiwani hakijashuka bei.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Mkulima wa Mlowo ana magunia 40 ya ziada, baada ya kutenga chakula cha nyumbani. Akiuza Julai kwa Sh60,000 kila gunia anapata Sh2,400,000. Akiyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa gharama ya Sh5,000 kila mfuko, anatumia Sh200,000. Dumuzi na unyevu wakimharibia magunia mawili, Februari atauza 38 kwa Sh90,000 na kupata Sh3,420,000. Ukitoa gharama ya mifuko, kusubiri kumemwingizia Sh820,000 zaidi ya bei ya Julai.

Ni fedha hiyo ya ziada tu inayoweza kuitwa ya safari. Zile Sh2,400,000 za mwanzo ni za ada, mbolea na mbegu, na haziguswi. Na mwaka ambao bei haikupanda, maana mwaka wa namna hiyo upo, hakuna safari. Kukopa SACCOS au kuchota mfuko wa VICOBA ili ukaone bahari ni kuuza mahindi ambayo hayajavunwa.

Kwa mfanyabiashara wa Tunduma hesabu ni nyepesi zaidi, kwa kuwa wengi huenda Dar es Salaam kufuata mzigo Kariakoo. Nauli ya safari ndefu, yaani zaidi ya kilomita 900, tayari imo kwenye gharama za biashara. Kutoka Kariakoo hadi bandari ya boti za Zanzibar ni mwendo mfupi wa daladala. Anachoongeza ni tiketi ya boti na usiku chache. Tatizo lake si fedha bali duka: nani atakaa nalo siku tano? Asiye na mtu wa kumwamini bora abaki.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali la kisiwa gani, na hapa wengi hukosea kwa kuuliza kwanza bei ya chumba. Kwa mtu anayetoka Tunduma, chumba ni sehemu ndogo ya gharama. Basi na boti kwa watu wawili, kwenda na kurudi, huweza kumaliza nusu ya fedha kabla hawajaagiza hata chai. Zaidi ya hapo, kila siku wanayosubiri chombo ni siku ya gesti, chakula na shamba lisilo na mwenyewe. Swali la kwanza basi liwe: boti ya kurudi ina uhakika kiasi gani katika mvua na upepo?

Kwa kipimo hicho Unguja inaongoza. Boti za mwendo kasi hutoka Dar es Salaam zaidi ya mara moja kwa siku na huchukua takribani saa mbili. Raia hulipa nauli kwa shilingi, na kitambulisho huhitajika wakati wa kukata tiketi. Safari moja ikifutwa, nyingine haiko mbali.

Wanaodai kwamba Unguja haina utulivu wanafikiria Nungwi na Kendwa, kaskazini, penye muziki hadi usiku. Aprili hata huko hupoa. Anayetaka kimya hasa aende kusini mashariki, Jambiani au Makunduchi, ambako nyumba ndogo za wageni zimo katikati ya vijiji. Kwa mkulima kuna faida nyingine hapo. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo maji yakipwa utawaona akina mama wakifunga miche kwenye kamba. Watakueleza habari za bei ya mnunuzi na joto la maji linalooza zao lao, na mtu wa kahawa atajiona yuko nyumbani.

Ubaya wa upande huo ni kwamba kuanzia Aprili upepo wa kusi huupiga moja kwa moja, bahari huchafuka, na maji yakipwa hukimbia mbali mno kiasi cha kutoogelea kwa saa kadhaa. Upande wa magharibi, ukiwemo Mji Mkongwe, hutulia zaidi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ni mahali pazuri pa kushinda siku ya mvua kwa sababu mengi ya kuona yako chini ya paa. Papasi, wale vijana wanaomvamia mgeni bandarini wakidai kumpeleka hotelini, nao hupungua, ingawa kamisheni yao bado hulipwa na mgeni ndani ya bei ya chumba. Afadhali kupiga simu mwenyewe mapema.

Mafia ndicho kisiwa chenye utulivu wa kweli. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Kilindoni kuna gesti za kawaida za bei ya kawaida, na kutoka Utende unavuka kwa chombo kidogo kwenda Chole kuona magofu na popo wakubwa wanaolala mitini mchana. Lakini anayekwenda Aprili asitarajie papa potwe, ambao msimu wao ni Oktoba hadi Machi hivi.

Tatizo la Mafia ni njia. Msafiri wa kawaida huacha barabara kuu ya kusini na kwenda Nyamisati, wilayani Kibiti, kupanda kivuko hadi Kilindoni. Vyombo hapa si vingi kama vya Unguja, na eneo lenyewe ni delta ya Rufiji. Aprili 2024 mafuriko yalifunika sehemu za Rufiji na Kibiti, na Mei 4 mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Hata boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mtu mwenye siku tano tu hana nafasi ya kucheza na hali kama hiyo. Mafia ni ya mwenye siku kumi, au mwenye nauli ya ndege ndogo.

Pemba, nchi ya karafuu, ni ya kijani na watu wake ni wakarimu, lakini boti zake kwa wiki ni chache na kwa wengi ni lazima kuvuka bahari mara mbili. Kwa safari ya kwanza haifai.

Usalama majini si jambo la kupitia juujuu. MV Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba huku imejaza watu kupita kiasi, na MV Skagit ikazama Julai 18, 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walikufa. Ajali zote mbili zilitokea miezi ya kusi. Msafiri anapaswa kusikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) siku mbili tatu kabla, kuchagua boti ya asubuhi inapowezekana, na kushuka akiona chombo kimejaa, hata kama tiketi imelipwa. Jahazi la mizigo lisipandwe kwa sababu ya nauli.

Tarehe nazo zina bei yake. Pasaka, Sikukuu ya Muungano Aprili 26 na Mei Mosi huwatoa wakazi wa Dar es Salaam kwa wingi, na bei hurudi juu kwa siku hizo. Katikati ya wiki, wiki ya pili au ya tatu ya Aprili, ndipo penye nafuu, mradi Pasaka haijaangukia hapo. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi bado huhudumia wageni, lakini kula hadharani mchana Zanzibar haifai. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ukaanza Februari, hivyo kwa sasa hauligusi tena dirisha la Aprili.

Shambani pia kuna wa kuaga. Mwenye kahawa asiondoke kabla ya kupanga nani atapiga dawa ya chulebuni, ugonjwa unaopenda mvua. Aliyepanda maharage ya mwisho mwezi Machi asubiri kwanza apalilie.

Wapo wanaopendekeza Matema, ziwa Nyasa, kwa kuwa ni karibu na nauli yake ni ndogo. Ni ufukwe mzuri sana, lakini si Aprili. Kyela ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini na mwezi huo ndio wa kilele chake. Matema iachwe hadi mavuno yakiisha.

Kabla ya kutuma fedha za chumba, msafiri aulize mambo matatu kwa simu: je, bei aliyotajiwa ni ya raia au ya mgeni wa nje, je, jiko linafanya kazi mwezi huo, maana zipo nyumba zinazobaki wazi bila mpishi, na je, boti ikisimamishwa kwa upepo, usiku wa ziada utatozwa kiasi gani. Jibu la swali hilo la tatu liandikwe kwenye ujumbe wa simu na litunzwe mpaka siku ya kuondoka.