Akili Inavyoupima Uchovu wa Mbio Ndefu

Uchovu wa mkimbiaji wa masafa marefu huanzia mwilini, lakini hukumu ya kuendelea au kusimama hutolewa na ubongo, na ndiyo maana mazoezi yanayoimarisha miguu na mapafu bila kuinoa akili hubaki pungufu. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu 16 kazi ya kompyuta iliyodai umakini kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi waliyotakiwa kuiendesha mpaka washindwe. Walidumu kwa wastani wa sekunde 640, ilhali siku waliyotazama filamu tulivu kabla ya zoezi walidumu sekunde 754. Tofauti hiyo haikuelezeka kwa moyo wala misuli, bali kwa hisia ya juhudi, yaani jinsi mtu anavyouona uzito wa kazi anayoifanya, ambayo ilikuwa juu zaidi pale akili ilipokuwa imechoka.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Ziwa Tanganyika, ambako barabara hushuka kuelekea Kirando, liko takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari, lakini Sumbawanga, iliyo kwenye uwanda huohuo, iko kwenye kimo cha karibu meta 1,800, ambako kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa husukuma nayo, hupungua kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mkimbiaji anayeng'ang'ania uwandani kasi aliyoizoea ziwani hukatika pumzi mapema, na baya zaidi, hujihesabu ameshindwa wakati kilichopungua ni hewa.

Njia bora kwake ni kukimbia kwa kipimo cha juhudi badala ya saa. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alitunga kipimo cha 6 hadi 20, ambamo 6 ni mapumziko kamili na 20 ni juhudi ya mwisho. Anayejizoeza kujipa alama njiani hujifunza kutenganisha uzito wa kawaida wa mlima na dalili za hatari, kama vile kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo, ambazo hazifai kupuuzwa. Maneno nayo yana kazi, kwa kuwa katika utafiti wa mwaka 2014 watu waliofundishwa kwa wiki mbili kujisemea maneno mafupi ya kujihimiza walidumu kwenye baiskeli kwa muda uliozidi ule wa awali kwa asilimia 18.

Thamani ya akiba ndogo ya nguvu mwishoni mwa mbio ilionekana Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42.195 ambazo wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48.

Kwa kuwa akili iliyochoka huongeza hisia ya juhudi, mwanafunzi wa Namanyere aliyetoka kwenye mtihani, au mfanyabiashara aliyeshinda kwenye hesabu, afanye mbio nyepesi jioni hiyo, na mlima mgumu autengee asubuhi nyingine, kabla akili haijaanza kutumika.