Mikindani na Biashara ya Mali Ghafi: Kutoka Sandarusi hadi Korosho

Tangu karne ya 19, pwani ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma imeishi kwa kupitisha mali ambayo thamani yake huongezwa kwingine. Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo imedumu, ikitumia zaidi mfano wa korosho.

Misafara ya Wayao kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilileta pembe za ndovu na watumwa. Sandarusi ilichimbwa ardhini karibu na pwani, ikapitia Unguja na kugeuzwa vanishi Ulaya na Marekani. Mwaka 1866 David Livingstone aliteremshia wanyama wake Mikindani, kwa kuwa mlango wa Ruvuma haukufaa; Wajerumani wakajenga boma hapo mwaka 1895. Hata hivyo, bandari iliyotosha majahazi haikutosha meli kubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulijengewa bandari ya kina kirefu katika mji jirani wa Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ulifutwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954, na reli, isiyo na shehena ya kutosha, ikafungwa mwaka 1962.

Korosho ilikuwa tofauti, kwani ilikuwa mikononi mwa wakulima wadogo. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo serikali ilipojenga viwanda vya kubangua kwa mikopo ya nje. Mashine zilifika wakati korosho inatoweka. Baadhi ya viwanda vikaishia kuwa maghala. Kwa hiyo, kusema kwamba kusini kulikosa viwanda tu ni kurahisisha mno.

Mavuno yalipofufuka, korosho ghafi iliendelea kwenda India, na baadaye Vietnam. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, ulimpa mkulima mnada, si kiwanda. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi. Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikituma jeshi kusomba. Ilikusudiwa korosho hiyo ibanguliwe nchini, lakini uwezo wa kubangua ulikuwa mdogo kuliko shehena iliyojaa maghalani.

Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, haimpi mwenyeji nafasi ya kukataa bei. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara waliandamana kupinga isipelekwe Dar es Salaam kabla ya kuleta viwanda kwao. Bomba lilikamilika mwaka 2015.