Yaya anashtuka haraka kuliko wadogo wake? Homoni zinasema nini

Hapa Kalemie tunasemaka: mtoto wa kwanza iko na moyo mgumu, wa mwisho anadeka, wa katikati anajitafutia. Kwa Waluba hata majina ya mapacha yanahesabu: Kyungu njo aliyetangulia, Kabange anamfuata. Namba ya kuzaliwa inakufuata mpaka uzeeni. Na siku hizi vijana wenye diploma wanaweka sayansi juu yake: "Mimi ni wa kwanza, homoni zangu za mkazo ziko juu, njo maana ninaogopa kuanza biashara." Neno kama hilo linaweza kumfunga mtu miaka kumi. Basi tuliangalie vizuri.

Tuanze na mwili. Ukikutana na kitu kinachokuchochea, kiwe kibaya ao kizuri (mtumbwi unayumba kwenye mawimbi ya ziwa, ao timu yako inafunga bao dakika ya 90), tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya mafigo zinamwaga adrenalini kwa sekunde chache tu. Moyo unapiga, mikono inatoka jasho. Nyuma yake inakuja kortizoli, ambayo iko na mwendo wa pole: ubongo unatuma ujumbe kwa tezi iliyo chini yake, nayo inaamuru zile za juu ya mafigo. Inafika kileleni kama dakika 20 mpaka 30 toka jambo lianze, na inaongeza sukari katika damu ili upate nguvu. Haiko sumu. Kila asubuhi inapanda yenyewe kukuamsha. Shida inaanza pale isiposhuka.

Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walitengeneza namna ya kuichochea kwa makusudi. Unasema dakika tano mbele ya watu wasiotabasamu, kisha unahesabu kurudi nyuma toka 1022, ukitoa 13 kila mara. Wanapima kortizoli yako. Mliotetea TFC mbele ya juri, ile sura munaijua bila kwenda Ujerumani!

Sasa, je, wa kwanza anazaliwa na homoni tofauti? Kidogo, ndiyo. Mwaka 1979 Eleanor Maccoby na wenzake, Marekani, walipima damu ya kitovu ya watoto wachanga, wakakuta wa kwanza wako na projesteroni nyingi kuliko waliofuata. Kwa sisi wa agronomia hiyo haishangazi. Mbuzi anayezaa mara ya kwanza, mtoto wake mara nyingi ni mdogo kidogo. Tumbo la mara ya kwanza halifanani na la mara ya tatu. Lakini damu ya kitovu ni ya siku ile. Toka hapo mpaka mtu wa miaka 27 anayetetemeka mbele ya mkubwa wa kazi, njia ni ndefu sana.

Na ukiwaangalia watu wazima, tofauti inapotea. Mwaka 2015 Wajerumani watatu, Julia Rohrer na wenzake, walichukua habari za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Katika tabia, kama vile utulivu wa moyo na kupenda kuwa na watu, namba ya kuzaliwa haikuonyesha alama yoyote ya kudumu. Kama wa kwanza angekuwa mwoga kwa maumbile, pale njo angeonekana.

Basi hadithi imeisha? Hapana. Twende Kenya, Amboseli, ambako toka 1971 Jeanne na Stuart Altmann walianza kufuata nyani, mmoja mmoja, kizazi kwa kizazi. Homoni wanazipima katika mavi, bila kumshika mnyama. (Kazi ya kuokota mavi ya nyani juani, halafu mtu anasema sisi wa mashamba njo tunachafuka.)

Kwa nyani majike, cheo kinatoka kwa mama, na mara nyingi binti mdogo, akikomaa, anawapita dada zake. Mama anamsaidia huyu mdogo katika ugomvi, na dada wanazoea kumpisha. Kule kitinda mimba njo mkubwa! Na katika kundi hilohilo, jike mwenye cheo cha juu kabisa iko na homoni za mkazo chache kuliko wengine. Mkenya Patrick Onyango na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba hata vijana wa kiume waliozaliwa na mama wa cheo cha juu wako na homoni hizo kidogo.

Kwa madume mambo iko kinyume. Utafiti wa 2011, madume 125 kwa miaka 9, ulikuta yule wa kwanza katika kundi iko na homoni za mkazo nyingi kuliko wa pili. Kiti chake lazima akipiganie kila siku na kuwalinda majike. Wa pili anakula vizuri na analala.

Mimi hapo ninaona jibu. Namba ya kuzaliwa haiingii kwenye damu moja kwa moja. Inakupa cheo na mzigo, na mwili unajibu kile unachobeba. Hapa kwetu uyaya ni kazi: kulipa minervali ya wadogo watatu, kupigiwa simu usiku mama akigonjwa, kuulizwa "na wewe uliyesoma?" wakati wewe mwenyewe bado unangoja mshahara wa kwanza. Kortizoli ya mtu kama huyo, itashuka saa ngapi?

Angalieni familia zenu. Yaya akienda Lubumbashi na kunyamaza, wa pili njo anakuwa yaya, hata kama alizaliwa Kabange. Simu zinahamia kwake. Yule mliyemuita mcheshi, asiyejali, anaanza kuhesabu makuta usiku. Na wakigawana, huyu analipa minervali ya mdogo mmoja, yule anauza ndagala kwa ajili ya dawa za mama, hata yaya anaanza kuongea tena habari ya ile biashara.