Mtani, Mali na Hadhi katika Bonde la Kilombero

Utani, yaani uhusiano unaowaruhusu watu wa makabila au koo mbili kutaniana, kukashifiana na hata kuchukuliana vitu pasipo mmoja wao kukasirika, ni desturi inayoonyesha waziwazi jinsi jamii za Bonde la Kilombero zinavyopima mali na hadhi ya mtu. Asili yake hutajwa mara nyingi kuwa vita vya karne ya 19, hasa vile vya Wangoni, ambao Wambunga wa Ifakara huhesabiwa kuwa tawi lao. Waliopigana wakaishia kuzikana. R. E. Moreau, anayefahamika zaidi kwa utafiti wake wa ndege, aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na mengi yaliyoelezwa wakati huo bado yanatambulika.

Msibani ndiko mtani anapovaa uhusika wake kikamilifu. Huweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo na kikohozi chake, akafoka kama alivyokuwa akifoka, au akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka atupiwe chochote. Wafiwa wakitoa sarafu moja, huulizwa mbele ya watu iwapo mwenye magunia yote yale ya mpunga anazikwa kwa shilingi mia tano. Kiasi kinachodaiwa hakijaandikwa popote, lakini mtani hakibahatishi, kwa kuwa anajua ni nani aliyelimiwa kwa trekta na ni nani aliyelima kwa jembe la mkono, nani ana mitumbwi na nani huazima, na kwa maskini hupokea hata sigara moja akaridhika.

Kwa hiyo wanaosema kwamba utani huwasawazisha watu wote wamesema nusu tu ya ukweli, kwani mtani hafuti hadhi ya mtu bali huitangaza hadharani, kisha akaitoza. Hapa ndipo utani unapotofautiana na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambamo mali ya mhusika huandikwa kwenye karatasi yake na, kwa kanuni za awali, hazina aliyoipata ilimpandisha daraja. Katika utani mali huongeza deni, na mamlaka hushikwa na mtu ambaye pengine hana hata debe la mpunga nyumbani, ingawa mamlaka hayo hukoma mazishi yanapokwisha. Malipo nayo yamebadilika, maana kuku na jembe vilivyotolewa zamani vimezidi kuipisha fedha taslimu.

Swali gumu zaidi ni la wafugaji, wakiwemo Wasukuma, waliohamia bondeni na makundi makubwa ya ng'ombe katika miongo ya karibuni, na ambao baadhi yao waliondolewa katika operesheni ya serikali ya mwaka 2012. Mfugaji aliyebaki anaweza kumzidi kila mkulima wa kijiji kwa mali, lakini ng'ombe hawamnunulii mtu mtani. Akifa mbali na watani wa kabila lake, jirani atamchimbia kaburi kwa heshima zote, ila hatakuwa na ruhusa ya kulala ndani yake na kuuliza ng'ombe wote wale wamekwenda wapi.