Mafunzo ya uwazi yaanzie kwa karani wa Nkubu

Katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 mna kifungu kifupi kisichotajwa sana, nacho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Kifungu cha 4 kinasema haki ya Mkenya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na dhana ya ofisa kuhusu sababu hiyo. Chukua mama anayeuza ndizi katika soko la Nkubu, Kaunti ya Meru, anayelipa ushuru wa kaunti. Akitaka kujua soko liliingiza pesa ngapi mwaka uliopita na zilifanya kazi gani, hana wajibu wa kueleza kama ametumwa na diwani, kama ana nia ya kugombea kiti, au kama amekosana na mtoza ushuru. Hata kama kweli wamekosana, haki yake iko pale pale. Kifungu cha 8 kinaongeza kwamba anaweza kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, na asipojua kuandika, ofisa ndiye aliandike ombi lake kisha ampe nakala. Ombi haliwezi kukataliwa eti kwa sababu tu halikujazwa kwenye fomu ya ofisi. Nakala hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyezoea kuambiwa "rudi wiki ijayo" anaondoka na ushahidi, kwa mwandiko wa serikali yenyewe, kwamba ameomba, na kwamba ofisi ina siku 21 za kumjibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, muda huo unakuwa saa 48.

Haki ya aina hii hufa au kupona dirishani. Kisheria, wajibu wa kutoa habari ni wa afisa mkuu wa taasisi, na anaweza kuukabidhi kwa mwingine. Lakini mkazi wa Igoji au Mitunguu anayeshuka matatu Nkubu hamtafuti katibu wa kaunti. Anakutana na karani, msimamizi wa wadi, au mlinzi wa lango, na jibu la kwanza analopata ni swali: unazitaka za nini? Ndiyo maana nasema mafunzo yanayoishia kwa wakurugenzi katika kumbi za hoteli hayajafika panapouma. Tume ya Haki ya Utawala, CAJ, ndiyo iliyopewa jukumu la kueneza elimu hii, na Meru haiwezi kudai iko mbali nayo: kuanzia 2018 iliongozwa na Florence Kajuju, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti hii. Katika jimbo la Texas, Marekani, sheria inamtaka kiongozi aliyechaguliwa apate mafunzo ya angalau saa moja kuhusu mikutano ya wazi, na saa moja kuhusu rekodi za umma, ndani ya siku 90 za kuingia ofisini. Sheria yetu ya 2016 haikuweka sharti kama hilo kwa diwani wala kwa karani.

Kuhusu mikutano, mwalimu bora tuliye naye ni Jaji George Odunga. Katika hukumu ya Aprili 17, 2014, iliyobatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, alisema kushirikisha umma kuwe kwa kweli, kusigeuzwe utaratibu wa kutimiza tu matakwa ya Katiba. Alikataa wazo kwamba inatosha kutupa ujumbe mtandaoni na kuwaachia wanaojali wauokoteze. Bunge la kaunti, alisema, lina wajibu wa kuwahimiza watu washiriki, kupitia makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama, na popote umma unapojulikana kukusanyika. Na pale panapohusika kodi na ada, mzigo huo unakuwa mzito zaidi. Sijaona mtaala wa mafunzo unaoishinda orodha hiyo. Kwa Nkubu maana yake ni Muuga FM, ni matangazo baada ya misa na ibada, ni sokoni kwenyewe. Kifungu cha 196 cha Katiba nacho kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake na vya kamati zake hadharani.

Kuna wanaosema watu hawaji mikutanoni, au huja kwa ajili ya soda na nauli. Huenda ni kweli, lakini mtu aliyeitwa kujadili makadirio ya bajeti bila kuonyeshwa nakala yake mapema ana sababu nzuri ya kubaki shambani. Wengine wanaogopa kuvujisha siri. Siri halali zimelindwa tayari katika kifungu cha 6 cha Sheria ya 2016, na karani aliyefunzwa ndiye anayejua mpaka uko wapi. Asiyefunzwa huficha kila kitu ili awe salama, ilhali kutojibu ombi kwa wakati kunaweza kumletea faini ya hadi Sh50,000 au kifungo cha hadi miezi mitatu. Hoja ngumu zaidi ni ya basari. Wazazi wana haki ya kujua pesa za wadi ziligawanywa vipi, na mtoto ana haki ya kutobandikwa ukutani kama maskini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto, lakini pia ni ngao rahisi kwa kamati iliyopendelea jamaa zake. Sina jibu safi hapo. Wala sijui tumfanyeje mzee anayezungumza Kimeru pekee, kwa kuwa kifungu cha 8 cha Sheria ya 2016 kinawataja wasioweza kuandika na wenye ulemavu, hakiwataji wasiojua Kiswahili wala Kiingereza.

Wakati hayo yakisubiri majibu, wewe msomaji huna haja ya kusubiri. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Siku 21 zikipita kimya, na ofisi haijaomba nyongeza ambayo haizidi siku 14, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa. Una siku 30 za kupeleka lalamiko lako kwa CAJ.