Kibali kwa chifu, makaburi kwa kaunti: nani anahusika na nini mtaani kwetu

Usiku wa Ijumaa, wiki chache zilizopita, mzee mmoja jirani yetu alifariki nyumbani kwake. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Watoto wake walikubaliana azikwe mara baada ya swala ya Ijumaa, na kufikia alfajiri mambo mengi yalikuwa yamekwisha pangwa. Sanda ilikuwa imenunuliwa, muoshaji ameitwa, na jamaa wa Malindi na Lamu wamepigiwa simu. Kilichobaki ni kibali cha mazishi tu. Vijana wawili wakatumwa ofisi ya wadi, ile ya kaunti, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Wakakaa pale kwenye benchi tangu saa moja na nusu asubuhi. Ilipokaribia saa nne karani akafika, akawasikiliza, akawaambia kibali hakitoki hapo. Walipofika kwa naibu wa chifu wakaambiwa ametoka kwenda mkutanoni. Mzee alizikwa baada ya Alasiri, na wengine waliosafiri kuja kumzika walikuwa wamesharudi makwao.

Jioni barazani gavana alitukanwa sana. Mimi nikasema katika hili gavana hana kosa, nikaonekana nimelipwa. Ndipo nikaona bora niandike, maana miaka imepita tangu serikali za kaunti zianze kazi Machi 2013 na bado wengi wetu, na mimi nikiwemo kabla sijasumbuliwa vya kutosha, hatujui ofisi ipi hufanya nini.

Tuanze na hilo la mazishi. Mtu akifia nyumbani, kifo huripotiwa kwa naibu wa chifu wa eneo, naye ndiye hutoa kibali. Akifia hospitali, kibali hutoka hospitali hiyo hiyo. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali kuu, chini ya wizara ya usalama wa ndani. Cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho ni vya serikali kuu pia. Kadhi naye yuko chini ya Idara ya Mahakama. Lakini makaburi ya umma na nyumba za kuhifadhia maiti ni kazi ya kaunti. Haya mengi tunayozikia sisi hutunzwa na jamaa na kamati za misikiti, ila yale ya umma yakijaa, au ukuta ukianguka, au watu wakianza kumega ardhi yake, hapo ndipo pa kumbana gavana.

Mgawanyo huu wote umo kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Sehemu ya pili ya jedwali hilo inazipa kaunti kazi 14, na si maandishi magumu, hata Kiswahili chake kipo. Kazi ya pili ni afya, na humo mna hospitali, ambulansi, leseni za wanaouza vyakula, makaburi na uzoaji wa taka. Mama anayeuza viazi karai kibarazani akidaiwa cheti cha afya, anayemdai ni kaunti. Jaa la taka likifika mlangoni mwa madrasa, ni kaunti hiyo hiyo.

Kwenye afya ndipo pesa nyingi zinapokwenda na ndipo lawama hukosea njia kila siku. Zahanati ya mtaani, kituo cha afya, hospitali ya kaunti ndogo mpaka hospitali ya Makadara pale Mombasa, zote ziko mikononi mwa kaunti. Muuguzi na daktari wa huko hulipwa na kaunti, na dawa hununuliwa na kaunti, mara nyingi kutoka KEMSA, ambalo ni shirika la serikali kuu. Lakini SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ni ya serikali kuu. Kwa hivyo ukifika dirishani ukaambiwa malipo yako hayaonekani kwenye mtambo, usimfokee yule binti wa mapokezi, hana la kufanya. Ukiambiwa hakuna glavu, nenda kanunue, hiyo ni ya kaunti, na una haki ya kuuliza. Tangu mwaka 2023 kuna sheria inayosema pesa ambazo hospitali ya umma inakusanya zibaki kwake zitumike hapo hapo, badala ya kupelekwa makao makuu ya kaunti na kurudi zimepungua, zikirudi. Swali la kumuuliza msimamizi wa hospitali ni hili: pesa tulizolipa hapa robo hii zimenunua nini? Kamati za vituo hivi huwa na wakaazi ndani yake. Umjue aliye kwenye kamati ya zahanati yenu kabla hujaumwa.

Wale kina mama wanaopita nyumbani na begi, wanaopima presha na kuuliza watoto wamechanjwa au la, ni wahudumu wa afya ya jamii. Posho yao hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mpokee vizuri. Kwetu walikuwa wakifungiwa mlango wakidhaniwa wauza sabuni.

Sasa maji, ambayo yana mkanganyiko wake. Kisiwa cha Mombasa hakina chanzo chake cha kutosha. Maji ya bomba huja kutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi, na Marere na visima vya Tiwi kule Kwale. Anayeyavuta kutoka huko na kuyafikisha kwenye matangi makubwa ni shirika la serikali kuu la kuendeleza miradi ya maji Pwani. Kutoka hapo anayeyasambaza mpaka kwenye mfereji wako, na anayekuletea bili, ni kampuni ya maji ya kaunti. Kilifi wana mbili, moja ya Malindi na moja ya Kilifi na Mariakani. Kampuni za kaunti zikiwa na madeni kwa shirika, na shirika likiwa na deni la umeme, ndipo yanapotokea yale tuliyoyaona zaidi ya mara moja: stima inakatwa Baricho na mifereji inakauka kutoka Malindi mpaka mjini.

Kwa hivyo mfereji ukikauka, kwanza muulize aliye mtaa wa pili. Wote wakiwa hawana, huenda tatizo liko mbali na kampuni yenu haina maji ya kukupa. Nyinyi tu mkiwa hamna, au kichochoro chenu tu, ni bomba limepasuka au limefungwa, au kuna mtu amejiunganishia, na hilo ni la kampuni ya kaunti moja kwa moja. Andikeni namba za mita za nyumba zisizo na maji, nyumba kumi zikitosha, mpeleke pamoja. Mtu mmoja akienda peke yake huambiwa asubiri fundi. Na kama mnatozwa kinyume cha bei iliyoidhinishwa, kuna WASREB, bodi ya kitaifa inayosimamia bei za kampuni hizi, nayo hupokea malalamiko. Huku nyuma mwenye mkokoteni anakuuzia mtungi kwa bei anayoitaka, na anayeumia zaidi ni yule asiye na pa kuyahifadhi.

Shule nazo zimegawanywa. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Basari ndiyo inayotuchanganya, kwa sababu inatoka milango mitatu: ofisi ya mbunge kupitia NG-CDF, ofisi ya mwakilishi wa kike, na kaunti kupitia wadi. Kwale walijipatia jina kwa mpango wao wa Elimu ni Sasa tangu enzi za gavana Salim Mvurya, na watoto wengi wa maskini wamesoma kwa mpango huo. Lakini kikatiba sekondari si ya kaunti. Ndiyo maana mapema mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliziambia kaunti zisilipe basari hizo bila makubaliano ya maandishi na serikali kuu, magavana wakakimbilia Mahakama Kuu na agizo likasimamishwa kwa muda. Mzazi anayetegemea basari ya wadi peke yake ajue kwamba ameegemea ukuta wenye ufa, akajaribu na milango mingine miwili.

Kivuko cha Likoni kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari, kwa hivyo ni cha serikali kuu, ingawa jedwali lile lile limetaja vivuko upande wa kaunti. Wanasheria wana lao hapo. Polisi ni wa serikali kuu. Taa za barabarani, masoko, mitaro ya maji ya mvua na zimamoto ni vya kaunti.

Pesa za haya yote hutoka wapi? Katiba inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kwa mwaka wa 2025/26 zilitengewa shilingi bilioni 415, zigawanywe kwa kaunti zote 47. Juu yake kaunti hukusanya zake: leseni za biashara, ada za kuegesha gari, kodi ya ardhi, ushuru wa soko. Kwa hivyo muuza samaki anayekatiwa risiti kila asubuhi ni mlipaji, haji kuomba.

Na hapa ndipo panaponiudhi. Ile kazi ya 14 ya kaunti, ya mwisho kabisa kwenye orodha, ni kuwashirikisha wananchi katika utawala. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha hupelekwa kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Kabla ya hatua hizi huitwa mikutano ya wananchi, na tangazo hubandikwa au huwekwa gazetini, wakati mwingine siku chache tu kabla, saa za kazi, tena penye ukumbi usiofikika kwa mguu. Kaunti zina lawama hapo. Lakini nimekwenda mkutano mmoja wa aina hiyo nikakuta tuko watu wasiozidi thelathini, na nusu yao wamekuja kwa soda. Aliyeomba taa za kichochoro chao kwa maandishi, akitaja jina la kichochoro na idadi ya nguzo, ndiye aliyeandikwa. Sisi tuliosema "tunataka maendeleo" tulipigiwa makofi. Mwezi Mei si wakati wa kuomba mradi mpya, hapo vitabu vimekaribia kufungwa. Mradi huombwa Julai na Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa.

Njia nyingine ni barua. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Na sheria ya kupata habari ya 2016 inasema ofisi ya umma ikiombwa habari ijibu ndani ya siku 21. Isipojibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala. Andika mbili, moja uiache na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni kama hukupeleka.

Mtaani kwetu tumeanza na chemba ya maji taka iliyo nyuma ya msikiti, inayofurika kila mvua ikinyesha mpaka waumini wanapita juu ya mawe kwenda Alfajiri. Mwaka mzima tulikuwa tunamlilia chifu, ambaye haimhusu. Barua tuliipeleka kampuni ya maji Jumatatu, imesainiwa na nyumba ishirini na mbili, na nakala yetu ina muhuri. Fundi mmoja amekuja, ameangalia, amepiga picha, ameondoka. Nakala imebandikwa barazani chini ya ratiba ya swala, na pembeni yake watoto wa marehemu mzee wetu wamebandika karatasi nyingine yenye jina la naibu wa chifu, ofisi yake ilipo na siku anazokuwepo.